Mradi Mmoja, Kitengo Kimoja: Ushauri kwa Anayeanza Kuprogramu Maikrokontrola

Wengi wanaoanza kuprogramu maikrokontrola hununua kasha lenye vihisi vya kila aina, wakatafuta mtandaoni msimbo wa roboti inayokwepa vizuizi, wakaunakili, wakachomeka waya, na roboti ikatembea. Furaha ya siku hiyo ni ya kweli, na hakuna ubaya kuionja. Shida hujitokeza siku ya pili, pale mwanafunzi anapotaka roboti ileile ipige kengele ikikaribia ukuta. Akiongeza mistari mitatu, magurudumu yanagoma. Hajui aanzie wapi kutafuta kosa, kwa sababu roboti ni yake lakini ujuzi ungali kwa aliyeandika msimbo.

Ushauri wangu kwa mtu huyu ni mmoja, na makala haya yote yanaueleza: usijifunze kwa kufuata vihisi, jifunze kwa kufuata vitengo vilivyomo ndani ya chipu. Chagua kitengo kimoja, kitengenezee mradi mdogo unaokihitaji kweli, kielewe mpaka uweze kumweleza mwenzako bila kutazama kitabu, ndipo uende kwenye kinachofuata. Vihisi madukani ni vingi na kila mwaka vinabadilika. Vitengo ni vichache, na utavikuta karibu katika kila maikrokontrola utakayoishika maishani.

Chipu na vilivyomo ndani yake

Tuchukue bodi inayopatikana kwa urahisi, Arduino Uno. Mradi wa Arduino ulianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa lengo la kuwapa wanafunzi wa usanifu bodi rahisi kutumia na ya bei nafuu. Michoro yake iko wazi kwa umma, ndiyo maana bodi zilizoigwa kutoka kwayo zimejaa madukani, kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi Luthuli Avenue jijini Nairobi. Ukinunua ya kuigwa, huenda kompyuta yako ikahitaji draiva ya chipu iitwayo CH340 ndipo iitambue bodi. Jambo hilo dogo huwakatisha tamaa wengi siku ya kwanza, basi lijue mapema.

Kilicho muhimu kwenye Uno ni chipu ATmega328P. Ina kumbukumbu ya programu ya kilobaiti 32, RAM ya kilobaiti 2 tu, na kilobaiti 1 ya EEPROM, yaani kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimika. Mapigo ya saa yake ni milioni 16 kwa sekunde. Kando ya kichakato chake kuna vitengo vyenye kazi maalumu: pini za kuingiza na kutoa umeme, taima tatu, kigeuzi cha analogi kwenda dijitali, na njia za mawasiliano za UART, SPI na I2C. Kila kitengo kinaendeshwa kwa rejista, yaani visanduku vidogo, vingi vikiwa vya biti nane, ambavyo ukiandika namba humo, kitengo kinatii. Nyuma ya kila maktaba utakayoitumia kuna mtu aliyeandika namba kwenye rejista hizo.

Kwa manunuzi, usitumie fedha nyingi. Bodi moja, bredibodi, waya za kuchomeka, taa chache za LED, rizista za om 220 na za kilo-om 10, vitufe viwili na potenshiomita moja vinatosha kwa miezi ya mwanzo. Kama kuna kitu cha kuongezea fedha, kiwe multimita. Makosa mengi ya wanaoanza hayamo kwenye msimbo kabisa, yamo kwenye waya usioshika, na multimita hukuonyesha hilo papo hapo. Aliye na kompyuta lakini hana bodi bado anaweza kuanza kwa kutumia kiigizi cha Wokwi, kinachofanya kazi ndani ya kivinjari.

Mradi wa kwanza: pini, taa na kitufe

Kila mtu huanza kwa kuwasha na kuzima taa. Wewe pia anza hapo, lakini usipite haraka. Kwanza piga hesabu ya rizista. Pini inatoa volti 5, na LED nyekundu inatumia takriban volti 2. Zinazobaki ni volti 3, ukizigawa kwa om 220 unapata takriban miliampea 14. Pini moja ya ATmega328P haipaswi kuvuka miliampea 40 kwa hali yoyote, na kiwango salama cha kazi ni miliampea 20. Kwa hesabu hiyo unajua kwa nini taa ni salama, na kwa nini mota haichomekwi moja kwa moja kwenye pini.

Ukishaiwasha kwa digitalWrite, iwashe tena bila amri hiyo. Pini 13 ya bodi ni biti namba 5 ya bandari B. Andika DDRB |= (1 << 5); na pini inakuwa ya kutoa umeme. Andika PORTB |= (1 << 5); na taa inawaka. Mistari hii miwili inakufundisha kwamba kuprogramu maikrokontrola, mwisho wa yote, ni kuweka biti mahali pake bila kugusa biti za jirani.

Kisha weka kitufe. Kichomeke kati ya pini na ardhi, na uwashe rizista ya ndani ya chipu inayoivuta pini juu. Bila rizista hiyo, pini iliyoachwa hewani husoma sifuri na moja ovyo, hata mkono ukiisogelea tu. Sasa andika programu inayohesabu mibonyezo. Utabonyeza mara moja, nayo itahesabu tatu, pengine tano. Kitufe si kibovu. Vipande vyake vya chuma vinapogusana hudundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, na chipu yenye mapigo milioni 16 kwa sekunde huviona vidundo vyote. Dawa yake ni kusoma mara ya kwanza, kusubiri kama milisekunde 20, kisha kusoma tena kuthibitisha. Usiendelee na mradi wa pili mpaka mbonyezo mmoja uhesabiwe mmoja, kila mara.

Mradi wa pili: UART, dirisha lako

Kabla ya kugusa kihisi chochote, hakikisha chipu inaweza kukuambia inachokiona. Kitengo cha UART hutuma herufi kwa waya mmoja na kupokea kwa mwingine, kwa kasi ambayo pande zote mbili zimekubaliana. Ukiweka 9600 kwenye programu na 115200 kwenye skrini ya kompyuta, utapata alama zisizosomeka. Ukiona uchafu wa namna hiyo, angalia kasi kabla ya kulaumu kitu kingine chochote.

Hapa pia ingia ndani mara moja. Ili kupata 9600, chipu hugawa milioni 16 kwa 16, kisha kwa 9600, na kutoa 1. Jibu ni 103 na desimali kidogo. Desimali haiingii kwenye rejista, kwa hiyo unaandika 103 na kasi halisi inakuwa takriban 9615. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuleta madhara, lakini sasa unajua kwamba kasi hazitoki hewani. Jua pia kwamba pini 0 na 1 za Uno ndizo zinazobeba mawasiliano hayo na kompyuta. Ukizichomekea kitu kingine, kupakia programu kunaweza kushindikana.

Mradi wako uwe mdogo: andika herufi W kwenye kompyuta, taa iwake, andika Z, izime. Baada ya hapo, katika kila mradi, ukikwama, chapisha thamani za vigeu vyako na uzisome. Mtu anayesoma thamani hutatua tatizo kwa haraka kuliko anayekisia.

Mradi wa tatu: taima

Hiki ndicho kitengo kinachomtenganisha anayenakili na anayeelewa. Amri ya delay hufundishwa mwanzoni kwa sababu ni rahisi, lakini inaifanya chipu iwe kama mpishi aliyesimama juu ya sufuria akingoja maji yachemke, huku mboga hazijakatwa na wageni wako mlangoni. Wakati wa delay, kitufe kikibonyezwa, programu yako haina habari. Roboti niliyoitaja mwanzoni hugoma kwa sababu za namna hii.

Taima huhesabu mapigo ya saa peke yake, bila kukisumbua kichakato. Fanya zoezi hili kwa mkono wako: taka taa ibadilike kila baada ya sekunde moja kamili, kwa kutumia Taima 1. Mapigo ni milioni 16 kwa sekunde, na taima hii yenye biti 16 inaweza kuhesabu hadi 65,535 tu. Basi mapigo yapunguzwe kwanza. Ukiyagawa kwa 256, yanabaki 62,500 kwa sekunde, namba inayoingia. Kwa kuwa hesabu huanzia sifuri, unaandika 62,499 kwenye rejista OCR1A. Taima ikifika hapo, inarudi sifuri na kuita intarapti, yaani mwito unaokifanya kichakato kiache kwa muda kilichokuwa kikifanya, kitekeleze kipande kifupi cha msimbo, kisha kirejee palepale.

Intarapti ina adabu zake. Msimbo ulio ndani yake uwe mfupi: badilisha biti, ongeza hesabu, ondoka. Usiweke delay humo, wala usichapishe sentensi ndefu. Kigeu kinachotumiwa ndani na nje ya intarapti kitangulizwe na neno volatile, la sivyo kompaila inaweza kudhani hakibadiliki na ikaacha kukisoma upya. Jua pia kwamba kwenye Arduino, Taima 0 inabeba hesabu ya milisekunde ya amri ya millis, Taima 1 hutumiwa na maktaba ya Servo, na Taima 2 hutumiwa na amri ya tone. Maktaba mbili zikigombania taima moja, moja itaharibika kimyakimya. Hapo ndipo utakapoona faida ya kuvijua vitengo: mwenzako atabaki kubadilisha waya, wewe utakwenda moja kwa moja kwenye taima.

Taima hizohizo ndizo zinazotoa PWM, yaani kuwasha na kuzima pini kwa kasi ili kupata mwangaza wa kati. Kwenye Uno, pini za 3, 5, 6, 9, 10 na 11 ndizo zenye uwezo huo. Tengeneza taa inayofifia na kuongezeka polepole huku kitufe kikiendelea kuitika bila kuchelewa. Ukiweza hilo bila delay hata moja, umevuka mto mkubwa.

Mradi wa nne: kusoma joto kwa usahihi

Kigeuzi cha analogi cha chipu hii kina biti 10. Hupokea volteji kati ya sifuri na volteji ya rejea, na kukupa namba kati ya 0 na 1023. Anza na potenshiomita, zungusha kitasa, tazama namba zikipanda na kushuka kwenye skrini. Kisha weka kihisi cha joto cha LM35, ambacho hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi ya Selsiasi.

Chukua siku ya nyuzi 30. LM35 inatoa milivolti 300. Volteji ya rejea ikiwa volti 5, kila hatua ya kigeuzi ni takriban milivolti 4.9, na unasoma 61. Joto likipanda kwa robo nyuzi, pengine namba haitabadilika kabisa. Sasa badili rejea iwe ile ya ndani ya chipu, volti 1.1. Hatua inakuwa takriban milivolti 1.07, na joto lilelile linasomeka 279. Kihisi hakijabadilika, waya hazijabadilika, bali usomaji umekuwa mwembamba zaidi ya mara nne kwa mstari mmoja wa msimbo. Rejea hiyo ya ndani hutofautiana kidogo kati ya chipu na chipu, kwa hiyo ipime kwa multimita kwenye pini ya AREF na uweke thamani halisi kwenye hesabu yako.

Ongeza jambo moja: soma mara 16, jumlisha, gawa kwa 16. Namba zilizokuwa zikirukaruka zitatulia. Wanaonunua kihisi cha bei kubwa ili kupata utulivu huo wangeweza kuupata kwa mistari minne.

Mradi wa tano: saa inayosema Kiswahili

I2C huunganisha vifaa vingi kwa waya mbili tu, SDA na SCL, na kila kifaa kina anwani yake. Kwenye Uno waya hizo ni pini A4 na A5. Nunua saa ya DS3231, yenye anwani 0x68, na skrini ya herufi 16 kwa mistari 2 yenye kibandiko cha I2C, ambayo mara nyingi anwani yake ni 0x27 au 0x3F. Kwanza endesha programu ya kutafuta anwani zilizopo kwenye waya. Ikiwa kifaa hakionekani hapo, tatizo ni umeme au waya, wala usipoteze muda kwenye msimbo mwingine.

Ukisoma dakika moja kwa moja kutoka kwenye rejista za saa hiyo, utakuta ajabu: dakika ya 45 inasomeka 69. Saa huhifadhi kila tarakimu katika biti nne zake, 4 upande mmoja na 5 upande wa pili, na ukiichukulia kama namba ya kawaida unapata 4 mara 16 jumlisha 5. Ukielewa hapo, umeelewa jinsi vifaa vingi vinavyopanga data zao.

Kisha ifanye saa yako ionyeshe majira tunavyoyataja sisi. Chukua saa ya mfumo wa saa 24, ongeza 6, gawa kwa 12 na uchukue baki. Baki ikiwa sifuri, andika 12. Saa 7 ya kimataifa inakuwa saa moja asubuhi, na 18 inakuwa saa kumi na mbili jioni. Ongeza maneno alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku kwa mipaka unayoiona sawa. Ni mradi mdogo, lakini ni wako, na bibi yako ataisoma saa hiyo bila kufafanuliwa.

Mradi wa sita: kipimo cha tangi la maji

Sasa unganisha. Katika nyumba nyingi zetu maji huja kwa mgawo na huhifadhiwa kwenye tangi lililo juu, na ili kujua yamebaki kiasi gani ni lazima kupanda ngazi. Tengeneza kifaa kitakachokuonyesha kiwango ukiwa jikoni.

Kihisi cha sauti hutuma mlio usiosikika na kungoja mwangwi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila mikrosekunde 58 za kwenda na kurudi ni sentimita 1. Usitumie HC-SR04 iliyo wazi, kwa maana mvuke wa tangi utaiharibu. Tumia JSN-SR04T, ambayo kichwa chake hakiingii maji, na ukifunge angalau sentimita 25 juu ya kiwango cha juu kabisa cha maji, kwa kuwa haioni vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya hapo. Taima 1 ina uwezo wa kurekodi wakati halisi pini 8 inapobadilika, hivyo mwangwi unaweza kupimwa bila kichakato kusubiri. Mapigo yakigawanywa kwa 8, kila hatua ni nusu mikrosekunde. Mwangwi wa mita 2 hurudi baada ya takriban milisekunde 12, nao unaingia vizuri kwenye hesabu ya taima.

Kipimo cha tangi tupu na tangi lililojaa kihifadhi kwenye EEPROM. Hapa kuwa mwangalifu: kila seli ya EEPROM imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000. Ukiandika kila sekunde, umeimaliza dhamana hiyo kwa siku moja na saa chache. Andika pale tu mtumiaji anapobadilisha mpangilio. Washa pia kitengo kinachoitwa wochidogi, ambacho huianzisha chipu upya programu ikikwama kwa sekunde 8, kwa sababu kifaa cha nyumbani hakina mtu wa kukibonyezea kitufe usiku.

Utatamani kuongeza rilei ili pampu iwake yenyewe. Ngoja. Umeme wa ukutani, volti 230 na zaidi, karibu na maji, si wa kujifunzia. Ishia kwenye skrini na kengele mpaka utakapokuwa na fundi umeme aliyehitimu wa kukagua kazi yako. Hakuna mradi wenye thamani ya uhai wa mtu.

Namna ya kusoma, na hatua inayofuata

Waraka rasmi wa chipu una mamia ya kurasa. Usiusome kama riwaya. Katika kila sura ya kitengo, soma maelezo ya mwanzo, tazama mchoro wake, kisha ruka hadi mwisho ambako rejista zimeelezwa biti kwa biti. Utaona jina la Atmel kwenye baadhi ya nyaraka na Microchip kwenye nyingine; kampuni ya pili iliinunua ya kwanza mwaka 2016, na chipu ni ileile.

Kwenye daftari, andika kwa kila mradi kitengo ulichotumia, rejista ulizogusa, na hesabu uliyopiga. Unapotafuta kosa, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Na maktaba zitumie bila aibu, mradi kila kitengo umekiendesha kwa mkono wako walau mara moja.

Ukimaliza miradi hii, nenda kwenye ESP32 au Raspberry Pi Pico ukiwa na tahadhari moja: pini zake ni za volti 3.3, na volti 5 zinaweza kuziua. Mengine utayatambua. Kigeuzi kitakuwa na biti 12, taima zitakuwa na majina mapya, rejista zitakuwa pana zaidi, lakini maswali utakayouliza yatakuwa yaleyale: kitengo gani kinafanya kazi hii, mapigo yake yanatoka wapi, biti ipi inakiwasha, na kikimaliza kinaniitaje? Mwenye kuuliza hivyo hahitaji kungoja mtu mwingine aandike msimbo wa kifaa anachokitaka, kwa kuwa anaweza kuuandika mwenyewe.